Plagi ya iridiamu kwenye pikipiki: unalipia nini hasa?

Mjadala wa plagi hauishi. Huyu atakuapia kwamba tangu afunge plagi ya iridiamu, yenye ncha ya metali adimu ya jina hilo, pikipiki yake inavuta vizuri, inakula mafuta kidogo na inawaka stata ikiguswa tu. Yule atakwambia huko ni kutupa pesa, plagi ni plagi. Fundi naye ana lake, na muuza vipuri ana sababu zake za kukuonyesha kwanza kile kiboksi cha bei ya juu. Anayebaki njia panda ni mwenye pikipiki, ameshika plagi mbili zinazofanana kwa umbo, moja ikiuzwa mara kadhaa ya bei ya mwenzake.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema. Nafuu ambayo watu wengi huihisi baada ya kufunga plagi ghali inatokana zaidi na plagi kuwa mpya na kuwa ya namba sahihi (ile iliyo kwenye kitabu cha pikipiki) kuliko madini yaliyo kwenye ncha yake. Madini hayo yana kazi ya kweli, na zipo pikipiki zinazoyahitaji. Ila faida yake si ile inayosimuliwa vijiweni.

Plagi na kazi yake

Plagi ni kifaa kilichofungwa juu ya silinda, kazi yake ikiwa kurusha cheche ya umeme ndani ya chumba ambamo hewa na petroli zimekandamizwa na pistoni. Katikati yake upo waya mnene wa chuma unaoishia kwenye ncha ndogo. Hiyo ndiyo elektrodi ya kati. Imezungukwa na kauri nyeupe inayozuia umeme usivujie pembeni. Kwenye ukingo wa mwili wa plagi kuna kijino kilichopinda kama kiwiko kuja juu ya ncha hiyo. Hiyo ni elektrodi ya pembeni. Nafasi iliyo kati ya ncha na kijino huitwa mwanya, na kwenye pikipiki nyingi huwa kati ya milimita 0.6 na 0.9.

Koili hupandisha umeme mdogo wa betri au wa jenereta ya injini hadi volti elfu kumi na kuendelea. Hewa ya kwenye mwanya ikishindwa kuuzuia umeme huo, unaruka. Ndiyo cheche.

Sasa angalia ukubwa wa nguvu tunazozungumzia. Katika silinda ya sentimita za ujazo 150 iliyojaa vizuri, petroli ya mlipuko mmoja hubeba nishati ya jouli mia kadhaa. Cheche yenyewe ni sehemu chache tu za mia za jouli moja. Nguvu inayosukuma pistoni yote imetoka kwenye petroli; cheche inaanzisha tu. Kiberiti cha bei ghali hakiongezi kuni. Moto ukishashika ipasavyo na kwa wakati wake, plagi imemaliza kazi, na hakuna madini yatakayoongeza kilicho ndani ya silinda.

Kwa hiyo ukisikia kwamba plagi fulani "inaongeza nguvu ya injini," uliza: ikilinganishwa na nini? Ikilinganishwa na plagi iliyochakaa, ndiyo, inarudisha nguvu iliyokuwa imepotea. Ikilinganishwa na plagi mpya ya kawaida kwenye injini nzima, tofauti ni ndogo kiasi kwamba dereva hataihisi mkononi.

Nikeli, platinamu, iridiamu

Plagi ya kawaida ina ncha ya aloi ya nikeli. Watu huiita plagi ya shaba, na wengine huidharau kwa jina hilo, lakini shaba iko ndani, kwenye kiini cha elektrodi, ikisaidia kuondoa joto. Plagi nyingi za iridiamu nazo zina shaba hiyo hiyo ndani. Kinachotofautiana ni kipande kidogo cha mwisho, pale cheche inaporukia.

Nikeli huyeyuka kwenye nyuzi joto 1,455 za Selsiasi, platinamu 1,768, na iridiamu 2,446. Iridiamu pia ni ngumu mno na hailiki haraka. Ni metali adimu, hupatikana hasa pamoja na platinamu migodini, na Afrika Kusini ndiyo mzalishaji wake mkubwa duniani. Hapo ndipo bei inapoanzia.

Ugumu huo unamruhusu mtengenezaji kufanya jambo ambalo nikeli isingelivumilia: kuichonga ncha iwe nyembamba sana. Ncha ya nikeli kwa kawaida ina kipenyo cha milimita 2 na ushei. Ya iridiamu inaweza kuwa 0.6, hata 0.4. Ukiziweka mbili hizo kando kwa kando, ya kwanza inaonekana kama kichwa cha msumari, ya pili kama ncha ya sindano nene.

Wembamba huo una faida mbili. Umeme hupenda kuruka kutoka kwenye ncha kali, kwa hiyo ncha nyembamba inahitaji volti pungufu ili irushe cheche ileile. Pili, ule moto mchanga unaozaliwa kwenye mwanya huwa mdogo sana mwanzoni, na chuma kinene kilichouzunguka huunyonya joto kabla haujakua. Chuma kikiwa chembamba, moto unapata nafasi ya kupumua na kuenea. Faida hizi ni za kweli, na huonekana pale ambapo mazingira ya kuwasha ni magumu: injini baridi asubuhi, betri iliyolegea, koili isiyo na nguvu nyingi, mchanganyiko wenye petroli kidogo, au injini ikinguruma taratibu bila kuvutwa. Injini ikishapata moto na mchanganyiko ukiwa sawa, plagi zote mbili zinawasha.

Kwa nini mtu anahisi pikipiki imebadilika

Hapa pana kiini cha mkanganyiko wote, na nataka tupatazame kwa utulivu.

Chukua pikipiki inayozunguka injini mara 6,000 kwa dakika huku ikienda kilomita 50 kwa saa. Injini nyingi ndogo za mipigo minne hurusha cheche kila mzunguko, ingawa ni moja tu kati ya mbili inayowasha petroli. Ile nyingine inaruka wakati moshi unatoka, bila kazi. Hiyo ni cheche mia moja kila sekunde. Piga hesabu: kila kilomita ina cheche 7,200. Ukifika kilomita 10,000, plagi imerusha zaidi ya cheche milioni 70.

Kila cheche huondoa chembe ya chuma isiyoonekana kwa macho. Ukiitoa plagi ya nikeli iliyokaa muda mrefu ukaitazama kwa karibu, utaona ile ncha iliyokuwa bapa yenye ukingo mkali imekuwa duara, kama kipande cha sabuni kilichotumika, na upande wa chini wa kijino umechimbika. Mwanya uliokuwa milimita 0.7 sasa unaweza kuwa 0.9 au 1.0. Ukingo mkali umepotea, mwanya umepanuka, na vyote viwili vinailazimisha koili ipandishe volti zaidi. Siku ikishindwa, cheche moja inakosekana hapa na nyingine pale. Pikipiki inaanza kumisi ukivuta mafuta kwa ghafla mlimani. Kuwaka kunakuwa kwa kubembeleza. Petroli isiyoungua inatoka na moshi.

Haya hutokea polepole kiasi kwamba mwenye pikipiki anayazoea. Kisha siku moja anaitoa plagi hiyo na kufunga ya iridiamu. Pikipiki inafufuka! Anaamini iridiamu imefanya muujiza, na kusema kweli hadanganyi, kwa sababu tofauti ameihisi. Ila amelinganisha mpya na mzee. Angefunga plagi mpya ya nikeli ya namba ileile, nafuu karibu yote angeipata kwa sehemu ndogo ya bei.

Hata suala la mafuta linaeleweka kwa njia hiyo. Plagi inayokosa cheche inapoteza petroli, kwa hiyo kuibadilisha kunapunguza matumizi. Plagi nzima ikibadilishwa na nzima nyingine, usitarajie tanki lidumu siku za ziada.

Maisha marefu, lakini soma vizuri

Faida isiyobishaniwa ya iridiamu ni kwamba ncha yake hailiki upesi. Kwenye magari, plagi za namna hii hupangiwa kilomita 60,000 hadi 100,000. Wenye pikipiki husikia takwimu hizo na kuzihamishia kwao. Hazihamishiki moja kwa moja. Injini ya pikipiki inazunguka kwa kasi zaidi, inarusha cheche nyingi zaidi kwa kila kilomita, na mara nyingi hupozwa na upepo tu.

Kuna jambo jingine ambalo wauzaji wengi hawalisemi. Plagi ina elektrodi mbili, na plagi kadhaa za iridiamu zinazouzwa kama "uboreshaji" zina iridiamu kwenye ncha ya kati peke yake; kijino cha pembeni kimebaki nikeli. Ncha inaweza kukaa kama mpya huku kijino kikiendelea kulika na mwanya ukipanuka vilevile. Plagi zilizokusudiwa kudumu huwa na kidonge cha platinamu kilichochomelewa kwenye kijino, ukikitazama unakiona kama kidoa cha duara. Usipokiona, usiipe plagi hiyo kilomita nyingi kwa kuamini jina iridiamu.

Kabla ya kununua, fanya hesabu rahisi: gawanya bei ya plagi kwa kilomita unazotarajia itembee. Plagi inayouzwa mara nne ya mwenzake na kudumu mara mbili imekula hasara, hata kama ni nzuri kiasi gani. Ikidumu mara nne au tano, mazungumzo yanabadilika. Ongeza na kazi ya kuibadilisha. Kwenye pikipiki ya silinda moja, plagi iko wazi pembeni, spana moja na dakika chache zinatosha. Kwenye injini ya silinda nne, unavua tanki, unavua boksi la filta, na mikono yako haifiki. Hapo plagi ya maisha marefu inajilipa kwa muda wa fundi pekee.

Namba ina uzito kuliko madini

Ningeambiwa nichague kitu kimoja tu cha kumsisitizia mwenye pikipiki, kingekuwa hiki. Plagi ghali ya namba isiyo sahihi ni mbaya kuliko plagi ya bei ya chini ya namba sahihi, na inaweza kuharibu injini.

Tuchukue mfano wa CR8E ya kampuni ya NGK, plagi inayotumika kwenye pikipiki nyingi. C inasema nyuzi zake za skrubu zina kipenyo cha milimita 10. R inasema ina rezista ndani. 8 ni kiwango cha joto. E inasema sehemu yenye nyuzi ina urefu wa milimita 19. Ndugu yake wa iridiamu ni CR8EIX: herufi na namba za mwanzo ni zilezile, kilichoongezeka ni alama ya iridiamu. Ukibadilisha aina ya madini, vitu hivyo vinne havitakiwi kubadilika.

Urefu ukizidi, plagi inaingia ndani ya chumba na pistoni inaweza kuigonga. Ukipungua, cheche inarukia ndani ya shimo na nyuzi zilizobaki wazi zinajaa masizi. Rezista nayo huzuia kelele za umeme. Kwenye pikipiki ya sindano ya mafuta yenye kompyuta, kuweka plagi isiyo na R kunaweza kuvuruga mawasiliano ya vihisio, ukaanza kutafuta ugonjwa usiokuwepo.

Kiwango cha joto ndicho kinachochanganya watu zaidi. Plagi "ya moto" haitoi cheche ya moto zaidi. Kinachopimwa ni kasi ya plagi kuondoa joto lake kulipeleka kwenye kichwa cha silinda. Ncha inatakiwa ikae kati ya takriban nyuzi joto 500 na 850. Chini ya hapo haiwezi kuchoma masizi yanayoigandia, inachafuka na kufa. Juu sana ya hapo inawaka kama kaa la moto na kuwasha petroli kabla ya wakati wake, jambo linaloweza kutoboa pistoni. Na namba hazifanani kwa watengenezaji: kwa NGK na Denso, namba kubwa ni plagi baridi zaidi, kwa Bosch na Champion, namba kubwa ni ya moto zaidi. Tena 8 ya NGK inakaribiana na 24 ya Denso. Asiyejua hilo anaweza kununua kinyume kabisa cha anachotaka. Kitabu cha pikipiki na jedwali la ulinganisho la mtengenezaji ndivyo vya kuaminiwa, si kumbukumbu ya mtu aliye nyuma ya meza.

Maneno mengine yanayozunguka

"Iridiamu inatibu plagi inayochafuka." Ncha nyembamba inavumilia uchafu kidogo zaidi, ni kweli, na kwa injini za mipigo miwili au pikipiki za mwendo wa taratibu wa mjini hilo linasaidia. Lakini plagi ikitoka nyeusi na yenye mafuta, oili inapanda kupitia ringi za pistoni au sili za valvu. Ikitoka na masizi makavu meusi, kabureta inatoa petroli nyingi mno au filta ya hewa imeziba. Plagi ghali itafunikwa na uchafu uleule, na hasara yake ni kubwa zaidi. Plagi yenye afya ina rangi ya kahawia hafifu au kijivu kwenye kauri. Nyeupe yenye vipele inaonya kuwa injini inapata joto kupita kiasi.

"Nimeona cheche yake, ni ya buluu na kali kuliko ya zamani." Jaribio la kulaza plagi juu ya injini na kupiga kiki linakuonyesha kwamba umeme upo, basi. Hewa ya nje haijakandamizwa. Ndani ya silinda, kadiri shinikizo linavyopanda ndivyo cheche inavyohitaji volti zaidi kuruka, kwa hiyo plagi inayorusha cheche vizuri nje inaweza kushindwa ndani. Na ukifanya jaribio hilo, mwili wa plagi lazima uguse chuma cha injini, la sivyo umeme unaokosa pa kwenda unaweza kuua CDI (kiboksi kinachoongoza umeme wa cheche) au koili.

"Yenye vijino vinne inatoa cheche nne." Haitoi. Kila mara cheche inaruka kwenda kijino kimoja, kile kilicho rahisi kwa wakati huo. Faida ya vijino vingi ni kugawana uchakavu.

"Ukiweka iridiamu panua mwanya." Acha mwanya uliopangwa. Isitoshe, ncha hiyo ni ngumu lakini inavunjika upesi, na mtu anayeibana kwa kipimo au kuipiga kwenye sakafu "ikae sawa" anaweza kuikata bila kuona. Brashi ya waya nayo usiipeleke hapo.

Basi nani anunue?

Kama pikipiki imetoka kiwandani na iridiamu, baki nayo. Mtengenezaji amepanga koili na ratiba ya matengenezo kwa kuzingatia plagi hiyo, na kurudi kwenye nikeli maana yake ni kuibadilisha mara nyingi zaidi, jambo ambalo wengi husahau. Kama ni injini ya silinda nyingi isiyofikika kirahisi, nunua, tena ile yenye platinamu kwenye kijino. Kama pikipiki ni nzima, kabureta imesafishwa, betri iko sawa, na bado inawaka kwa taabu kwenye baridi, iridiamu inastahili kujaribiwa.

Kama ni pikipiki ya kazi ya silinda moja yenye kabureta, mimi ningenunua plagi halisi ya nikeli ya namba iliyo kwenye kitabu, nikaibadilisha kwa ratiba bila kusubiri imisi, na pesa iliyobaki nikaipeleka kwenye filta ya hewa na oili nzuri.

Neno "halisi" nimeliweka kwa makusudi, maana plagi bandia ni nyingi, na plagi ghali ndizo zinazoigizwa kwa faida kubwa. Kuna iridiamu za uongo ambazo ni nikeli iliyosagwa ikawa nyembamba. Hiyo inalika haraka kuliko plagi ya kawaida, kwa sababu chuma laini kimepewa umbo la chuma kigumu. Itazame kabla ya kulipa. Kijino kiwe katikati kabisa juu ya ncha, hakijapinda upande. Maandishi kwenye kauri yawe makali na yasifutike kwa kucha. Nyuzi ziwe laini na zenye kung'aa, bila mikwaruzo. Pete ya kubana iliyo chini ya mwili izunguke bila kutoka. Kwenye nyingi za bandia inaanguka yenyewe mkononi. Na kwenye iridiamu ya kweli, pale ncha nyembamba inapokutana na shina lake, kuna mkanda mwembamba wa mahali ilipochomelewa kwa leza.

Ukishainunua, ifunge injini ikiwa imepoa. Puliza vumbi kuzunguka shimo kabla ya kuifungua ya zamani, lisije likaangukia ndani ya silinda. Anza kuingiza mpya kwa vidole, bila spana, mpaka ikae. Ikigoma, itoe uanze upya, kwa sababu kichwa cha silinda ni cha alumini na nyuzi zake huharibika kwa nguvu kidogo tu. Ikishakaa, plagi mpya yenye pete ya kubana inahitaji takriban nusu mzunguko wa spana. Ukiwa na spana ya kipimo, plagi ya nyuzi za milimita 10 inataka nyutoni-mita 10 hadi 12, na ya milimita 12 inataka 15 hadi 20. Plagi iliyowahi kufungwa, ambayo pete yake imeshabonyea, inataka sehemu ndogo tu ya mzunguko. Usipake grisi kwenye nyuzi: hufanya plagi iteleze, ukaikaza kupita kipimo huku mkono ukihisi bado.